Ndoto Niliyomficha Daktari

Nimeombwa na mama mmoja wa jumuiya yetu niandike yaliyonipata, kwa sababu ana binti asiyelala. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu aliniletea daftari na kalamu, akaviweka mezani, akaondoka bila kunywa hata maji. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Nitaandika kama ninavyosema, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Pito, kijiji kilicho karibu na mji wa Sumbawanga. Nyumbani tulilima mahindi, ulezi na maharage. Baba alifariki nikiwa bado msichana, mama akatulea wawili, mimi na mdogo wangu Eufrasia, ambaye sote tulimwita Frasia. Niliolewa, nikazaa mtoto mmoja wa kike, Skolastika. Mume wangu alikwenda Mpanda kutafuta dhahabu. Alituma barua mbili, ya tatu haikuja. Nikapanga chumba Milanzi, pale mjini, nikaanza biashara. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mikono miwili akawa anauza kitu. Mimi nilikuwa nakwenda Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, kununua dagaa na samaki aina ya migebuka waliokaushwa, narudi kuuza sokoni mjini Sumbawanga.

Nilikuwa mtu wa kelele. Wanaonijua leo hawaamini nikiwaambia. Mteja akisema, "Mama Skola, dagaa wako wana mchanga," mimi nilimjibu, "Mchanga wa Kasanga ni wa bure, chukua nyongeza." Watu walikuja mezani kwangu ili wacheke kwanza, kununua baadaye.

Frasia alikuwa anajifunza kushona. Alikuwa hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Alinisumbua mwaka mzima: "Dada, nilione tu hilo ziwa, nirudi." Nikamchukua. Aliliona. Alivua viatu akasimama kwenye maji mpaka magotini, akasema hakujua kama maji yanaweza kukosa ng'ambo. Kesho yake tukapanda lori la mfanyabiashara mmoja, tukakaa juu ya magunia kama abiria wote walivyokuwa wakikaa. Huku kwetu upepo wa mwezi wa sita unakata ngozi, na Frasia alikuwa na khanga tu. Nikamwambia ashuke akae katikati ya magunia, huko hakuna baridi. Alishuka. Nami nikamfuata.

Kwenye mlima lori lilishindwa kupanda. Likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Nilimsikia utingo akipiga kelele, "Rukeni! Rukeni!" Waliokuwa juu waliruka. Sisi wa katikati hatukuweza.

Lori lilipinduka, magunia yakatufunika. Nililala kwa ubavu wa kushoto, mkono umekunjwa chini yangu, gunia la dagaa limekaa kifuani. Unga wa dagaa uliingia mdomoni na puani. Nilipata pumzi kidogo sana, kama mtu anayenyonya kwa mrija. Frasia alikuwa karibu, ila sikumwona. Aliita, "Dada, uko?" Nilimsikia vizuri. Aliita tena. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, ile pumzi kidogo itatoka na gunia litashuka, lisiniachie nafasi ya kuvuta nyingine. Nikanyamaza. Aliita mara nyingi. Halafu aliita kwa sauti ya chini. Halafu hakuita.

Wachungaji wa Kisukuma waliokuwa wakipitisha ng'ombe ndio waliotufikia kwanza. Waliacha mifugo yao ikatawanyika, wakavuta magunia kwa mikono. Mimi nilitolewa nikiwa hai, nimevunjika bega na mbavu. Mdogo wangu alitolewa baada yangu, amekwisha kufa.

Mama aliniuliza kama Frasia alisema chochote. Nilimwambia alikufa palepale, hakuteseka. Mama akasema, "Afadhali." Nilizika ule uongo pamoja na mdogo wangu, nikadhani umelala.

Mifupa iliunga. Baada ya matanga ndoto ilianza. Ilikuwa ileile kila mara: harufu ya dagaa, uzito kifuani, na sauti, "Dada, uko?" Nilizinduka nimeuma ulimi, damu mdomoni, gauni limelowa jasho. Siku nyingine nilikuwa nimejikojolea, mwanamke mzima. Nikaenda Pito kumweleza mama. Nilimwambia tu kwamba Frasia ananiita.

Mama aliacha kupepeta ulezi, akaniangalia.

"Uliitika?"

"Hapana."

"Usiitike. Unanisikia? Mtu akiitwa na marehemu haitikii. Akiitika anafuata. Nimebaki na wewe tu, usinifanyie hivyo."

Alinipenda, ndiyo maana alisema vile. Alitoa pia nia ya misa kwa ajili ya Frasia, nasi tukapiga magoti wote wawili. Lakini tangu siku hiyo kulala kukawa kazi. Niliingia kitandani kama mtu anayepelekwa kuapishwa mahakamani, nimefunga mdomo ili nisije nikaitika. Nilijifunga kitambaa kichwani kupitia chini ya kidevu. Nilikaa macho kwa makusudi. Mtu hawezi kukaa macho miezi.

Skola alikuwa na miaka minne na tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Usiku mmoja aliniita nikiwa usingizini, labda alitaka kukojoa. Nilipozinduka kiganja changu kilikuwa kimemziba mdomo na pua, nimekikandamiza kwa nguvu zangu zote. Nilimwachia. Alivuta pumzi, hakulia. Kutolia kwake kuliniogopesha kuliko kitu chochote. Kulipopambazuka nilimbeba mgongoni nikampeleka Pito kwa mama, nikasema nina kazi nyingi mjini.

Kutoka Milanzi hadi Pito ni mwendo wa miguu. Nilikwenda kila Jumapili baada ya misa, nikakaa na mwanangu, na jua likianza kulala naaga.

"Mama, leo utalala?"

"Leo hapana. Nina kazi."

"Kazi gani ya usiku?"

"Mwache mama yako," mama alimwambia. "Watoto wa siku hizi mnahoji kama polisi."

Skola alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba, akasimama hapo. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitabaki, na nikibaki nitamuua. Nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja tu: nilale chini ya paa moja na mtoto wangu bila kumdhuru. Miaka mitatu sikuweza.

Nilianza kutapika nikisikia harufu ya dagaa, kwa hiyo biashara yangu ilikufa. Niliuza chumvi na vitunguu, kisha nikaviacha navyo. Majirani walisema, "Mama Skola amekuwa bubu." Walikuwa wakibisha hodi mwanzoni, mwishowe waliacha. Niliwasikia nje wakicheka na kuchota maji, nami nimekaa ndani kwenye kigoda mlango umefungwa, na sikuwa hata na hasira nao.

Wakati huo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamechipuka mjini kama uyoga. Mwenye duka la jirani alikuwa mama mchangamfu aliyetoa dawa bila kuuliza cheti. "Hizi hapa Valiamu, dada yangu," aliniambia. "Meza kimoja, utalala kama gogo." Nililala kama gogo kweli. Lakini ndoto haikuondoka. Zamani niliweza kuzinduka nikaikimbia. Sasa nilifungiwa nayo ndani mpaka asubuhi. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Mchana nilitembea kama mlevi wa pombe ya ulezi. Nilianguka kwenye mtaro, na siku nyingine nikaunguza mguu kwenye jiko la mkaa bila kusikia maumivu mpaka niliposikia harufu ya nyama. Mguu huo ndio ulionifikisha hospitali.

Hospitalini nesi aliyenifunga kidonda alinipeleka kliniki ya akili. Niliona aibu sana kupita ule mlango. Huko nilimkuta nesi mtu mzima, Mzee Modesti, mpole, ana kikohozi. Yeye na daktari waliniuliza mambo mengi. Unalala? Hapana. Unakula? Hapana. Unapenda kukaa na watu? Hapana. Umewahi kupatwa na jambo baya? Nikasema nilipata ajali, nikafiwa. Unaota?

Nikasema, "Hapana."

Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo nilipokosea. Kwetu mambo yamegawanywa. Mwili unaupeleka hospitali. Ndoto ya marehemu unaipeleka kwa wazazi na kanisani. Kumweleza daktari ndoto niliona ni kama kwenda kwa padre kumwonyesha jipu. Sikutaka kumdanganya. Niliona tu si kazi yake.

Kwa hiyo walinitibu kwa yale niliyowapa. Kwanza Mzee Modesti alinipunguzia Valiamu kidogo kidogo, kwa sababu alisema nikiacha ghafla naweza kupata degedege. Kisha nikaanza amitriptilini, dawa ya huzuni, jioni. Mdomo ulikauka kama nimekula majivu. Nilikaa siku nne bila kupata choo. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama kimejazwa maji. Waliniambia nivumilie wiki kadhaa, nikavumilia. Waliongeza dozi, nikavumilia tena. Huzuni haikusogea. Ndoto nayo iliendelea, ila hiyo hakuna aliyeijua.

"Mama Skola," Mzee Modesti aliniuliza baada ya miezi mingi, "hizi dawa unazimeza?"

"Nazimeza."

"Usinione mjinga, kuna wanaowapa kuku."

"Sina kuku, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Nakuamini. Basi kuna kitu hatujakijua."

Nikachukua vidonge vyangu, nikaaga.

Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kufikiri kitu kibaya. Kujiua ni dhambi, nilijua hivyo tangu mafundisho ya komunyo. Lakini nilijiambia kuitika si kujiua. Ni kuitika tu. Mdogo wangu ananiita, nami nimeitika, nani atanilaumu? Wazo hilo lilinipa raha, na raha hiyo ndiyo iliyonishtua, kwa kuwa sikuwa nimeonja raha kwa muda mrefu. Nilikwenda kliniki siku isiyo ya kliniki. Nilimwambia Mzee Modesti, "Nimechoka kuishi." Hakunihubiria. Alinikalisha karibu na meza yake mpaka mama alipofika kutoka Pito, akatuandikia barua ya rufaa ya kwenda hospitali Mbeya.

Mama alisafiri na mimi. Tulikaa kwenye benchi la kliniki pamoja na wagonjwa wengine. Mwanaume mmoja mwenye kofia ya sufu alituuliza tumetoka wapi.

"Sumbawanga," mama akajibu.

"Loh! Basi nyie tangulieni kuingia. Mimi sitaki kupigwa radi na wachawi wenu."

"Usiogope, baba," mama akamwambia. "Radi tumeiacha nyumbani, mizigo ilikuwa mingi."

Benchi zima lilicheka. Mimi nilitazama sakafu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," akatuvutia viti wote wawili. Alisoma barua polepole. Akauliza maswali yaleyale, nami nikajibu majibu yaleyale. Alipofika kwenye ndoto nikasema, "Siotagi."

Mama alikohoa. "Anaota, daktari."

"Mama!"

"Nimesema anaota. Nimekaa kwenye basi mpaka mgongo umekufa ganzi, sirudi nyumbani na vidonge vilevile. Mdogo wake marehemu anamwita, nami nimemkataza kuitika. Ndivyo ilivyo. Sasa utacheka au utaandika?"

Daktari hakucheka. Aliandika. Kisha akanigeukia mimi. "Anakuitaje?"

"Anasema, 'Dada, uko?'"

"Ni ndotoni tu ulikoyasikia maneno hayo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka mno kusema ndiyo. "Hapana," nikasema. "Na siku ile pia."

"Siku gani?" mama akauliza.

"Siku ya lori, mama."

"Uliniambia alikufa palepale."

"Nilidanganya. Aliniita. Aliniita mara nyingi."

"Ukamjibu?"

"Hapana. Nilikuwa nabana pumzi."

Mama hakulia wala hakunitukana. Alichukua mfuko wake, akatoka, akafunga mlango taratibu kama tuko kanisani. Nilibaki kitini. Nililia mbele ya yule daktari mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alinisogezea karatasi nipanguse uso, akaongea kwa Kiswahili rahisi.

Alisema nina mambo mawili. Moja ni ugonjwa wa huzuni, mkubwa, tena sugu. La pili ni ile ajali, ambayo mwili wangu bado uko ndani yake kila ninapolala. Walikuwa wametibu la kwanza peke yake, na la pili likawa linalirudisha kila usiku. Amitriptilini akaniondolea polepole. Akanipa fluoksetini, dawa nyingine ya huzuni, ya kumeza asubuhi, akaniambia isije ikanidanganya, huzuni haitapungua kwa siku tatu, ni wiki, pengine zaidi, na kuna watu inawazidishia ndoto. Kwa ajili ya ndoto akanipa dawa nyingine, prazosini, ya kumeza wakati wa kulala.

"Hii ni dawa ya presha," akasema.

"Mimi sina presha."

"Najua. Ukilala, mwili wako unabaki kama mtu anayekimbizwa. Hii inaupunguzia mbio. Madaktari wengine wameanza kuitumia hivyo. Si kila mtu inamsaidia, na mimi siwezi kukuahidi. Tutaanza na kidogo sana, tutapanda polepole. Ukitaka kuamka, kaa kwanza kitandani, inaweza kukupa kizunguzungu. Na utaniambia kweli. Ukinificha, natibu mtu mwingine ambaye hayupo."

Nikamuuliza kuhusu kuitika. Alifikiri kwanza. Akasema hajui mambo ya marehemu na hatajifanya anajua. Anachojua ni kwamba kukosa usingizi na kukosa kula kunaua, na lile wazo langu la kuitika linaua, na likinijia tena niende hospitali siku hiyohiyo.

Njiani kurudi mama alikaa kiti cha pembeni yangu. Tunduma alinunua hindi moja la kuchoma dirishani. Akalivunja, akanipa nusu bila kuniangalia. Tulipofika Sumbawanga alishika njia yake ya Pito, nami nikashika ya Milanzi.

Siku ya kwanza ya prazosini nilisahau nilivyofundishwa. Nilisimama ghafla kwenda chooni, macho yakaingia giza, nikaangukia ndoo. Nilipata nundu ya kichwa. Baada ya hapo sikusahau. Fluoksetini ilinivuruga tumbo na kunitetemesha mikono wiki mbili, kisha ikatulia. Mzee Modesti alikuwa akinipigia hesabu ya vidonge na kunipima presha, na kila wiki alinikalisha nimsimulie ajali kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu. Wiki za kwanza nilitapika kwenye beseni lake. Baadaye nilitokwa na jasho tu.

Ndoto haikukatika siku moja. Kwanza harufu ilipotea. Kisha uzito ukapungua. Sauti ikawa mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde na upepo unachukua maneno. Kisha wiki nzima ikapita bila chochote. Huzuni ilichelewa zaidi. Niliitambua inaondoka siku nilipojikuta nina njaa. Nilikula ugali na maharage nikaongeza, halafu nikafua nguo zote nilizokuwa nazo.

Ningependa kuishia hapo, lakini nimesema sitaongeza chumvi, na kupunguza nako ni uongo.

Niliacha dawa. Nilikuwa nimekwenda kwenye lile duka la dawa kununua sabuni, yule mama akaona pakiti mkononi mwangu. "Hii si ya presha? Kwani wewe una presha?" Nikasema sina. "Basi unajimaliza bure na dawa za watu." Watu wakiniuliza nasema ni yeye aliyeniachisha. Si kweli. Maneno yake yalikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba sauti ya Frasia ilikuwa imenyamaza, na sikuwa na kitu kingine chake. Hatukuwa na picha yake. Niliamka asubuhi nimelala vizuri, nikatazama dari, nikahisi chumba hakina mtu kuliko wakati wowote. Nilikuwa nimepona ndoto nikabaki peke yangu kabisa. Nikamtamani hata kwa namna ile.

Siku ya nne alirudi. Nakiri nilifurahi, muda wa kupepesa jicho. Halafu gunia likashuka na unga wa dagaa ukaingia puani, na ikawa kama sijawahi kutibiwa. Baada ya wiki moja nilikwenda kliniki.

"Umeacha lini?" Mzee Modesti akaniuliza kabla sijakaa.

"Nani kakwambia nimeacha?"

"Macho yako. Yamerudi kule yalikokuwa. Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atanigombeza. Alikohoa, akafuta miwani kwa koti.

"Mke wangu alifia mikononi mwangu," akasema. "Simkumbuki kwa siku ile. Alikuwa anaimba kwaya, tena vibaya sana, mwalimu alimweka mstari wa nyuma. Hiyo ndiyo ninayoitunza. Wako alikuwaje?"

Nilikuwa sijaulizwa. Miaka mitatu watu waliniuliza alikufaje. Nikamwambia kwamba Frasia alimshonea Skola gauni la kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mtoto alipolivaa Frasia alisema, "Huo mrefu ni wa kupungia." Nikamweleza alivyosimama ziwani na viatu mkononi. Niliongea mpaka wagonjwa wengine wakagonga mlango.

Alinirudisha kwenye prazosini, lakini si pale nilipoishia. Ukiacha siku kadhaa unaanza tena na kile kidonge kidogo cha mwanzo, la sivyo unaanguka. Tulipanda upya. Ndoto ilikwenda tena. Sikuwahi kumwitika ndotoni hata siku moja. Iliondoka kabla sijathubutu.

Mama alikuja Milanzi msimu wa kuvuna ulezi. Tangu Mbeya tulikuwa tukisalimiana Jumapili na kuzungumza habari za mtoto basi. Alikaa kwenye kigoda changu, akakataa chai.

"Nimekaa nalo," akasema. "Linaniuma, na litaniuma. Siwezi kukudanganya kwamba haliniumi. Lakini wewe si lori." Akaendelea. "Na mimi nilikukataza kuitika ili nibaki na wewe. Nikakufungia humo. Hilo nalo linaniuma. Unalala?"

"Nalala."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi mtoto wako amekua. Ana miaka saba. Njoo umchukue, kabla hajasahau kwamba ni wako."

Sikumchukua siku ile, niliogopa. Mzee Modesti alishauri nianze kwa kulala Pito, mtoto akiwa chumba kimoja nami, kitanda chake mwenyewe, mama akiwa karibu. Mama alikaa macho usiku mzima kwenye kiti chumba cha pili akisikiliza, na rozari mkononi. Asubuhi tulikuwa tunakunywa uji, mama macho mekundu. Skola akatua kikombe.

"Bibi, mbona hukuniambia kwamba mama anakoroma? Kama mashine ya kusaga!"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge, na sikujua ni saa ngapi kicheko kiligeuka kuwa kilio.

Sasa niwaambie mnaolala vibaya na mnaokaa na mtu kama mimi. Ugonjwa huu si uchawi wala uvivu. Msinunue vidonge kwa mtu asiyewauliza swali. Dawa iliyonifaa mimi huenda isikufae wewe. Mimi mwenyewe ya kwanza iliniharibu, ya pili haikunisaidia, nikafika kwenye nyingine. Ikishindwa moja, rudini, msikate tamaa wala msibadilishe wenyewe. Mkitaka kuacha, mseme kwanza. Na mkiulizwa mnaota nini, semeni. Misa ya Frasia naiomba mpaka leo, sala sikuziacha. Lakini ndoto nayo ni ya daktari.

Bado nameza fluoksetini. Prazosini daktari amenipunguzia hatua kwa hatua, na tunaangalia. Skola anaishi nami Milanzi, anasoma. Akiumwa anamlilia bibi yake, si mimi, na sina haki ya kulalamika. Kelele zangu za sokoni hazikurudi. Nauza nguo za mitumba sasa, kwa utulivu. Kuna jioni nakaa mlangoni nikaona wadogo wa watu wakipita na dada zao, nikaingia ndani mapema. Upweke huo hauna kidonge, na sijaombwa nidanganye kuhusu huo.

Nawashukuru wale wachungaji, ambao sikuwahi kujua majina yao. Namshukuru daktari aliyeandika badala ya kucheka. Mzee Modesti amestaafu, namshukuru alipo. Namshukuru mama yangu, aliyesema nilichoshindwa kusema, ingawa kilimgharimu. Na Mungu amenirudishia usingizi, kitu ambacho wengine hukipata bila kukiomba. Jana mwanangu alipitiwa na usingizi kichwa kikiwa begani kwangu, lile lililovunjika. Nilimwacha. Nami nikasinzia.